Hadithi ile ni ya Mama Katherine

Mwandishi, umesema tamthilia ya familia ya Jackson iliyorushwa na televisheni ya ABC ya Marekani mwaka 1992 ni hadithi ya mwanamuziki Michael Jackson. Kwangu ni ya mama yake, Mama Katherine, na Angela Bassett alimwigiza hadi nikalia. Hebu tazama kile kijumba cha Gary, Indiana: vyumba viwili vya kulala, watoto tisa, baba anarudi hoi kutoka kiwanda cha chuma na bado anawasimamia wanawe mazoezi. Na pale Tito, mmoja wa wanawe, anapokata uzi wa gitaa la baba! Hofu ile naijua, nimelelewa hivyo hivyo. Baba huyo, Joseph, aliwafikisha kwenye kampuni ya muziki ya Motown, sikatai. Ila viboko alivyowachapa tusiviite malezi, jamani.