Fimbo ya ethi ikigonga mwamba: kuilaza ni uvivu kweli?

Mafundi umeme wakikutana na kiwanja chenye mwamba wanagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema fimbo ya ethi, ile ya chuma inayozikwa ili umeme uliovuja uingie ardhini, ni ya kusimama wima, ikigoma leta drili utoboe mpaka iingie. Wa pili wanasema ikigoma chimba mtaro, ilaze, fukia. Hawa wa pili ndio wanaoitwa wavivu, na mi naona wanaonewa.

Wa wima hoja wanayo, tena nzito. Chini kuna unyevu unaokaa mwaka mzima, juu hakuna uhakika. Kiangazi kikikaza udongo wa juu unakauka, ukinzani (jinsi ardhi inavyozuia umeme) unapanda, ile ethi uliyoipima wakati wa mvua ukaridhika nayo unakuta si ile tena. Hilo sibishi.

Ila hoja hiyo inasimama pale ambapo huko chini kuna udongo. Ukinzani wa ardhi unapimwa kwa ohm-mita: udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unacheza kwenye makumi, graniti kavu inakwenda maelfu, sasa mtu anatoboa mita mbili na nusu ndani ya jiwe anashusha fimbo anamwagia bentonaiti, udongo laini unaoshika maji, anaona kamaliza, wakati ule udongo umekaa kama uji ndani ya kikombe na umeme bado unatakiwa upite kwenye kikombe chenyewe. Bentonaiti inasaidia, kwa sababu ukinzani mwingi uko karibu karibu na fimbo, lakini shimo liwe pana au lifike kwenye nyufa zenye maji. Nje ya hapo umetoboa bure, wakati huku juu kulikuwa na karibu mita moja ya udongo mzuri ambao umeuruka.

Na kuilaza si ujanja wa mtaani. Kanuni za umeme za Marekani zinataka fimbo iguse udongo kwa mita 2.44, ikigonga mwamba unaiinamisha isizidi nyuzi 45 kutoka wima, ikigoma na hapo unaizika kwenye mtaro wa kina kisichopungua sentimita 75. Wima inajaribiwa kwanza, sawa, lakini kulaza kumeandikwa kabisa.

Dhambi yenyewe ni kukata, na hiki kinaniuma kwa sababu hakionekani. Fundi anapiga nyundo, fimbo inaingia mita moja na kidogo, inakataa, anashika msumeno anakata kilichobaki juu anafunga klampu, mwenye nyumba anaona kichwa cha fimbo kimetokeza vizuri tu analipa. Piga hesabu: kwenye ardhi ya ohm-mita 1,000, fimbo ya mita 2.4 yenye unene wa milimita 16 inakupa ukinzani wa kama ohm 404, na ohm zikiwa chache ndiyo nzuri. Ikate nusu, unapata kama 716. Chukua waya wa shaba mtupu mita 10, unene milimita 8, uulaze kwenye mtaro wa sentimita 75 ardhi hiyohiyo, unapata kama 145. Urefu unaogusa udongo ndio unaofanya kazi, na aliyelaza ndiye aliyeutunza.

Halafu hizo ohm 404 zitazame vizuri. Pale ambapo njia pekee ya umeme kurudi ni ardhini, waya wa moto ukigusa bati la nje la friji kwenye volti 230, hata tukihesabu ukinzani wa fimbo hiyo peke yake, kinachopita ni ampea 0.57 hivi. Breka ya ampea 16, inayokata umeme ukizidi hapo, haitikisiki hata kidogo. Friji inabaki na moto karibu wote, inamsubiri mtoto aje kufungua mlango, na fimbo imesimama wima kama nguzo! Kinachookoa hapo ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme kikiona unavuja, kwake 0.57 ni karibu mara 20 ya inachohitaji. Ndo maana huwa nashangaa watu wanavyogombana wima au kulala halafu RCD hawaiulizi.

Na wanaomwagia fimbo chumvi na mkaa, tafadhali waache, chumvi inaoshwa na mvua na inakula chuma.

Kama nyumba haijajengwa ugomvi wote huu unaukwepa. Herbert Ufer, mhandisi wa Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumia nondo za msingi kama ethi huko Arizona, jimbo la Marekani lenye ukame, kwa sababu zege lililogusana na ardhi linashika unyevu. Unaunga waya kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, basi. Kwa nyumba iliyokwisha simama ni mtaro: ufuate palipo na udongo mwingi hata kama unapinda, ukiweka fimbo mbili ziachane angalau urefu wa fimbo moja, piga picha kabla hujafukia ili mwenye nyumba aone hakijakatwa kitu, na kile kipimo cha ukinzani wa ethi urudi nacho kiangazi.