Mtoto aliyefungwa asome kwa feza ya nani?

Barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, Kongo (RDC), inapeleka watu campus ya UNILU, chuo kikuu cha mji, na inapeleka watu gereza kuu la mji. Ukimwambia jirani kwamba mtoto wako yuko Kasapa, ni vizuri umalizie sentensi haraka. Wengi wetu tunaziona hizo kama safari mbili zisizokutana: huku wanaosoma, kule waliopotea. Kwa mtu mzima tuyaache hayo. Kwa kijana wa miaka 15 sheria yetu yenyewe inakataa.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ndiyo iliyoleta tribinali za watoto. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kosa la jinai. Wa kuanzia 14 mpaka kufika 18, hakimu anamchukulia hatua za malezi: anamwonya na kumrudisha kwa wazazi, anamkabidhi kwa familia au taasisi nyingine, au anamweka katika nyumba ya Serikali ya ulinzi na malezi, ile EGEE. Akikosa pa kumweka wakati shauri linaendelea, anaweza kumshikilia kwa muda usiozidi miezi miwili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Katika miji mingi ya nchi, mtoto anayengoja hakimu hujikuta kwenye pembe ya gereza la wakubwa, na miezi miwili inarefuka. Huku nje mwaka wa shule unaendelea bila yeye.

Sasa, asome humo ndani? Pingamizi la kwanza linatoka kwa wazazi, na mimi silidharau. Mama wa mtaa wa Katuba anauza mboga ili alipe minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wake wa sekondari. Akichelewa, mtoto anarudishwa nyumbani. Umwambie huyo mama kwamba kijana aliyepora simu kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, atasoma bure, atakujibu: basi na wangu aibe. Kwa shule ya msingi jibu ni rahisi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Serikali, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitekeleza. Kijana ambaye hakumaliza msingi hachukui kitu ambacho wengine wamenyimwa. Kwenye sekondari mama yule ana haki ya kukasirika. Ila hasira yake inapaswa kuelekea kwenye minervali, kwa maana hata tukifunga darasa la gerezani leo, ya kwake haitapungua hata franga moja.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwa watu wa sheria, nalo linanisumbua kuliko la kwanza. Ukijenga shule nzuri nyuma ya ukuta, unampa hakimu sababu ya kumwacha mtoto ndani: "angalau kule atasoma." Mzazi aliyechoka na mtoto mkaidi naye atapumua. Mwishoni tutakuwa na watoto wanaofungwa ili wasome, wakati shule iliyo jirani na kwao ina nafasi. Hii hatari ni ya kweli. Lakini hoja hiyo inasahau yule aliye ndani tayari, leo, asiye na la kufanya tangu asubuhi mpaka jioni zaidi ya kusikiliza wakubwa wakisimulia namna ya kuvunja kufuli.

Wanaotetea masomo ya gerezani hupenda kutaja utafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani, wa 2013: wafungwa waliosoma walikuwa na uwezekano wa kurudia makosa ulio pungufu kwa asilimia 43. Ni hesabu nzuri, ila ilihusu wakubwa, tena wa nchi nyingine, na anayejiandikisha kusoma gerezani mara nyingi ni yule aliyekwisha kuamua kubadilika. Nisingejenga hoja yote juu yake.

Ningeijenga juu ya karatasi, yaani cheti. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 juu ya watoto walionyimwa uhuru zinasema mtoto asome, inapowezekana, nje ya kizuizi, katika shule za kawaida, na walimu wenye sifa. Zinaongeza kwamba cheti chake kisionyeshe hata kidogo kwamba alifungwa. Hapo ndipo darasa zuri la ndani linaweza kuwa halina maana. Padri au mtu wa kujitolea anafundisha kusoma na hesabu, mtoto anaelewa, halafu anatoka bila buletini (ripoti ya matokeo ya shule), na direkta wa shule ya nje anamrudisha pale alipoachia miaka mitatu nyuma, akae na watoto wanaofika kiunoni kwake. Atakaa wiki ngapi?

Mfumo wa kumsaidia tunao tayari. Vituo vya masomo ya haraka, CRS, vinabana miaka sita ya msingi katika ngazi tatu, na vilifikiriwa kwa vijana waliopitwa na umri. Darasa la kizuizini likiwa tawi la kituo kama hicho, lenye kutambuliwa na sous-division (ofisi ya elimu ya Serikali ya eneo), mtoto anaandikishwa kule nje, buletini inabeba jina la kule, na akitoka katikati ya mwaka anaendelea kwenye ngazi ileile.

Kuna wanaosema wapewe ufundi tu: soudure (kuunga vyuma), ushonaji, useremala. Lubumbashi ni mji wa migodi, sawa. Lakini soudeur asiyeweza kusoma mchoro na vipimo atabaki kuunga mageti ya mtaani, na kampuni itamwomba brevet, cheti cha ufundi.

Kinachobaki kigumu ni mwalimu. Shule nyingi za sekondari zinapumua kwa mchango wa wazazi, na walimu wasio mécanisés, yaani wasiolipwa na Serikali, wanaishi kwa huo. Ndani ya ukuta hakuna mzazi wa kuchanga. Mwalimu wa huko asipokuwa kwenye listi ya malipo ya Serikali, atafika mwezi mmoja, wa pili atatuma udhuru. Ndiyo maana ningependa agizo la hakimu la kumweka mtoto litaje pia shule aliyoandikishwa, ili wizara ya elimu isiweze kusema huyo ni wa wizara ya sheria. Halafu tungoje tuone ni direkta yupi atakubali kuliandika jina hilo kwenye rejista yake, wazazi wa shule wakijua linatoka wapi.