Kondomu ya Kazini, Mpenzi wa Nyumbani

Mwanaume anayeuza ngono akiulizwa kondomu anaivaa na nani, jibu linalojirudia katika tafiti nyingi ni hili: na mteja, mara nyingi, na mpenzi, mara chache. Kwake kondomu ni vazi la kazi. Akifika nyumbani analivua, na kulivua ndiko kunakomwambia mwenzake kwamba yeye si mteja.

Wapo wanaohitimisha kuwa mahusiano ndiyo hatari yenyewe, na hoja yao ina uzito. Mpenzi naye anaweza kuwa na watu wake. Mteja wa kila wiki taratibu anageuka "mtu wangu", na kondomu inaanza kusahaulika. Tena aliyeambukizwa majuzi huwa na virusi vingi sana mwilini, wakati kipimo cha haraka bado kinaweza kuonyesha hana VVU.

Lakini ni nani humwonya mgeni wa kazi hii kuhusu mteja mwenye fujo? Nani humkimbiza kliniki ndani ya saa 72 kondomu ikipasuka, aanze dozi ya siku 28 ya kuzuia VVU? Ni wenzake wa kazi. Aliyefukuzwa kwao, asiye na wa kumkopesha kodi ya chumba, ndiye rahisi kukubali pesa ya ziada ili avue. (Wenzake nao si malaika: kundi hilohilo linaweza kumtia kwenye dawa za kulevya.)

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwamba mahusiano hulinda pia. Kumwambia mtu avae kondomu na mpenzi wake ni kumtaka atangaze kuwa hamwamini, na wengi hawako tayari kwa hilo. Vidonge vya PrEP, ambavyo asiye na VVU humeza ili asiambukizwe, vinavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 kwa walio katika hatari kubwa, havihitaji ruhusa ya mteja wala ya mpenzi. Ila havizuii kaswende wala kisonono, na visipomezwa havisaidii: katika jaribio la iPrEx la 2010 maambukizi yalipungua kwa asilimia 44 tu, kwa kuwa wengi waliopewa hawakuvimeza ipasavyo. Na chupa ya vidonge ikionekana kabatini, maswali yanaanza.

Kwa hiyo mpenzi hakwepeki. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa 2019, ulifuatilia jozi 782 za wanaume, mmoja akiwa na VVU na virusi vyake vimefubazwa na ARV. Walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Kupima pamoja na kuanza dawa mapema kunawalinda wapenzi bila kuwatenganisha.

Kikwazo ni kwamba wapenzi wengine hawajui mwenzao anafanya kazi gani. Mhudumu akisema "mlete mwenzako" kana kwamba ni jambo dogo, anamtaka mtu ahatarishe penzi, na pengine pa kulala.