Mtoto akitoka kambini usimuulize kajifunza nini

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la kina mama wa huku Minnesota, Marekani, nilituma picha ya mwanangu kashika upanga wa sponji, kajifunga joho la pazia, usoni kajipaka mkaa, chini nikaandika tu "kambini wiki ya pili", yaani kambi ya watoto ya likizo ya kiangazi, hii ni ya kuigiza hadithi ya ufalme. Loh, nimechokoza nyuki. Mmoja akauliza wanafundishwa nini huko, nikamjibu hawafundishwi kitu, wanatafuta kengele ya ufalme imeibiwa. Kimya. Halafu ikaingia voisi ya dakika nne kutoka kwa dada mmoja tunayemheshimu sana, yaani mdogo wangu unatoa dola 340 kwa wiki mtoto akatafute kengele?

Sikuweza kumjibu kule maana nilikuwa naingia shifti, na yeye dada yangu mkubwa siwezi kubishana naye mbele za watu, kwa hiyo naandika hapa.

Kwanza tusidanganyane. Shule nyingi za huku zinafunga mwanzoni mwa Juni, zinafungua Septemba baada ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi, hiyo ni karibu miezi mitatu mtoto yuko nyumbani. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, sina dada wa kazi, sina shangazi mtaa wa pili, jirani yangu namjua kwa gari lake tu. Ingekuwa Tanga ningemfungulia mlango asubuhi nimwone magharibi ana vumbi mpaka kwenye kope. Huku kambi kabla ya kuwa kitu kingine chochote ni mahali pa kumweka mtoto wakati mama yuko kazini, na kila mzazi anajua, ila kwenye vipeperushi huwezi kuandika hivyo, ndo maana wanaandika "uongozi" na "ubunifu" na "stadi za karne ya 21".

Mwaka jana nilidanganyika na kipeperushi cha hivyo. Sitaji jina. Kiliandikwa tukio la ajabu, fumbo kila siku, kazi za mikono. Fumbo lenyewe lilikuwa karatasi iliyotoka kwenye printa, unganisha nukta upate sura ya joka, saa tano asubuhi limeshaisha, watoto wamekaa mezani wanapaka glita kwenye vijiti vya aiskrimu na kiongozi yuko kwenye simu yake. Siku ya mwisho mwanangu aliuliza joka limekwenda wapi, akaambiwa hapakuwa na joka bwana, ilikuwa mchezo tu. Jamani! Mtoto wa miaka 8 alikuwa anajua ni mchezo. Hakuuliza kama joka lipo, aliuliza limekwenda wapi.

Hapo ndo nilipata kipimo changu cha kambi za namna hii na sijakibadilisha mpaka leo, naangalia watu wazima wanadanganya vizuri kiasi gani.

Kambi ya mwaka huu wanadanganya mpaka raha. Iko kwenye msitu mdogo wa bustani ya mji, mbu kama wote, hakuna jengo la maana, kuna banda la mbao na turubai. Jumatatu watoto wanafika wanakuta kamba ya kengele imening'inia bila kengele, na kila kiongozi ana jina la huko ufalmeni na ana siri yake, na hatoki kwenye hilo jina mpaka Ijumaa jioni. Mara mojamoja kwa mbali kati ya miti anapita mtu mwenye joho la kijivu, haongei, haangalii mtu, anapita tu. Watoto wiki nzima wanagombana ni nani yule.

Jumatano nilienda kumchukua mapema ana miadi ya daktari wa meno. Nimetoka kazini moja kwa moja, nimevaa sare zangu za wauguzi zina doa la supu ya mzee mmoja hapa kifuani, nimechoka, nina haraka. Nakutana na msichana wa chuo, miaka 20 hivi, kajifunga aproni ya ngozi, huyo ndo mhunzi wa ufalme. Nikamwambia nimekuja kumchukua fulani. Akaniangalia machoni, hata kutabasamu hakutabasamu, akaniuliza, "Mama, umevuka daraja salama?" Nikasimama pale nikajiona mjinga, nyuma yake kuna watoto kama kumi wametulia kimya wanasubiri nitasema nini, na mwanangu yumo, nikaona macho yake yananiomba. Nikasema, "Nimevuka, lakini kuna foleni." Mhunzi akageukia watoto akawaambia mmesikia, adui ameziba daraja. Dakika hiyohiyo foleni ya barabara kuu ya 35 ikawa sehemu ya hadithi na watoto wakakimbia kwenda kuchora ramani upya. Kwenye gari mwanangu akaniambia mama umejibu vizuri. Mwaka huu mzima hajawahi kunisifia kitu, hata pilau.

Na kazi za mikono ni kazi kweli. Panga wanatengeneza wenyewe, ndani bomba jembamba la plastiki, juu yake sponji ile ya kuvalisha mabomba ya maji yasigande, halafu tepu, na ncha inaongezwa sponji nyingine isimuumize mtu, kichwani hairuhusiwi kupiga, ukipigwa mkono unauficha mgongoni unaendelea na mmoja. Barua wanazilowesha kwenye chai ya rangi zinatoka kama za karne ya 15. Wino wa siri ni limau, unaandika, inakauka haionekani, ukipitisha pasi ya moto maji ya limau yanaungua kabla ya karatasi yenyewe na maneno yanatokea ya kahawia. Pasi yangu sasa hivi inanuka limau.

Ila kilichonimaliza ni yai la joka. Ni yai la stairofomu, lile povu gumu jeupe jepesi la kufungia vyombo, na pini za ubao wa matangazo zile za kichwa bapa. Kila pini unaipaka rangi ya kucha (yangu, chupa mbili nzima, moja ilikuwa ya harusi ya mwezi wa nane), unaanza chini kwenye ncha, unachoma pini moja baada ya nyingine kuzunguka, mstari wa pili unalalia wa kwanza, wa tatu unalalia wa pili, mpaka linakuwa na magamba kabisa kama ya samaki. Alitumia pini 214, alizihesabu. Siku tatu. Kidole gumba kilivimba. Mtoto huyuhuyu shuleni naandikiwa kwamba hatulii kwenye kiti dakika kumi! Nikimuuliza umejifunza nini, atanijibu nini sasa? Atasema "sijui". Na atakuwa amesema kweli, sababu hakuwa anajifunza, alikuwa anatengeneza yai la joka na joka lilikuwa linalihitaji kufikia Ijumaa.

Nasikia mtu anasema zamani kambi zilikuwa za maana, watoto walifunzwa ukakamavu. Haya, kambi inayotajwa sana kuwa ya kwanza Marekani ni ya 1861. Mwalimu Frederick Gunn na mkewe Abigail walikuwa na shule kwenye mji mdogo unaitwa Washington, siyo ule wa rais, huu uko Connecticut. Mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe ndo vimeanza, vijana wa shule wakawa wanatamani kulala nje kama askari. Mwalimu hakuwafokea. Aliwatembeza maili kama 40 mpaka Milford baharini, wakapiga mahema wakakaa huko siku kadhaa. Kwa hiyo kambi yenyewe tangu siku ya kwanza ni watoto kujifanya kitu wasichokuwa na mtu mzima kukubali kwenda nao. Mambo ya vyeti yamekuja baadaye.

Sasa kuna hoja ya uchawi, maana nayo ililetwa kwenye grupu. Kwamba huko kuna wachawi wa kofia ndefu na fimbo, mtoto wa watu wa dini anaenda kufanya nini. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mkishacheka mkimaliza nitaendelea. Hapa naona lugha ndo inatuponza. Wazungu wana maneno manne matano ya huyo mtu, yuko wa kutisha, yuko wa kuchekesha, yuko mzee mwenye hekima na ndevu. Sisi mchawi ni mchawi tu, usiku yuko juu ya bati. Lakini tumesahau tuna neno mazingaombwe? Shule ya msingi alikuwa anakuja yule bwana na sanduku lake, tunalipa hela kidogo tunajazana darasani anatoa shilingi kwenye sikio la mwalimu wa zamu, na hakuna mzazi aliyesema tumeingizwa kwenye ushirikina. Kule msituni ni mazingaombwe, kwa kiwango cha juu kidogo. Mzazi ambaye bado moyo haujatulia asimpeleke wake, simlaumu, hilo kila mtu na nyumba yake.

Wiki ya pili walianza maandishi ya siri, yale aliyokuwa akitumia Julius Caesar, jemadari wa Roma ya kale, kila herufi unasogeza mbele tatu, A inakuwa D, B inakuwa E. Nikakuta mlangoni kwake kabandika karatasi: PDPD XVLIXQJXH. Nikakaa nayo jikoni na kikombe cha chai kama mpelelezi. Si unajua maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu? Basi Kiswahili ukikisogeza tatu, karibu kila neno litaishia na D, H, L, R au X, na D zitajaa kila mahali kwa sababu A kwetu ndo nyingi kuliko zote. Dakika tano nimelipata: MAMA USIFUNGUE. Nilifungua.

Asubuhi yake saa moja anakula mkate anaongea na bibi yake kwenye video, Tanga ni saa tisa mchana, bibi katoka kujilaza. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu." Akamlalamikia kwamba mama amevunja siri. Mama yangu akacheka mpaka simu ikaanguka, akamwambia siri za kuandika hazifai, kila mwenye macho anasoma, sisi tulikuwa tunasema kinyume. Mwanangu hajawahi kusikia. Bibi akamfundisha palepale, unachukua silabi ya mwisho unaiweka mbele. Nyumba ni mbanyu. Pesa ni sape. Kesho ni shoke. Kuna askofu mmoja wa Kiingereza wa Zanzibar, Edward Steere, alishaandika habari za kinyume tangu karne ya 19, kwa hiyo si kitu walichobuni kina mama yangu, walikikuta. Mimi mwenyewe nilikisikia utotoni nikakipuuza, nilikuwa naona cha kizamani.

Siku hiyohiyo kikaingia kambini. Nimekuja kumchukua nakuta watoto wa Minnesota, weupe kwa weusi, wanakimbia chini ya miti wanapiga kelele "mbanyu! mbanyu!" wakimaanisha lile banda la mbao. Mhunzi hakuuliza hicho ni Kiafrika gani, hakumsimamisha mtoto aeleze utamaduni wake mbele ya wenzake, kitu ambacho shuleni wanakipenda mno. Alitoa daftari lake lenye jalada la ngozi, akamwita pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama watu wa milimani, ndo sisi hao kwenye hadithi yao, wana neno la kengele. Kengele. Ke-nge-le. Lekenge. Akaandika.

Ijumaa dokezo la mwisho lilikuwa limefichwa ndani ya mti wenye tundu, karatasi ya chai, imefungwa na nta nyekundu, ndani neno moja: LEKENGE, na mshale. Watoto kumi na nane wakamgeukia mwanangu.

Kengele ilipatikana wapi na yule wa joho la kijivu alikuwa nani, sijui. Nimeuliza, nikaambiwa siyo ya kwangu. Nimeacha. Wenzangu wanaotafuta kambi msimu ujao mtaamua wenyewe, ila mkienda kuangalia msiulize ratiba, muulizeni kiongozi yeyote joka limekwenda wapi, halafu mtazame anajibu nini. Akikwambia "ah, hayo ni ya watoto", beba mkoba wako.

Tatizo nililobaki nalo ni la hapa nyumbani. Sasa hivi kila asubuhi bibi na mjukuu wanaongea kinyume mbele yangu, haraka, wanacheka, mimi napanga sahani nabaki nyuma kwa silabi tatu. Jana nimesikia "sape" mara mbili na "shoke" mara moja. Ila wana udhaifu mmoja hawajaushtukia. Neno mama ukiligeuza linabaki mama, kwa hiyo wakinisema najua.