Jumapili ya Shemeji Imeliwa na Nani?

Shemeji yangu baharia akipanda ndege, anayechoka ni mimi.

Meli yake ilimshusha New York, akaambiwa nyingine yamngoja Singapore. Akapaa Jumamosi saa nne u nusu usiku, kutua Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Mama mkwe, aliyekuja kwangu Kisauni, Mombasa, kwa siku mbili (hii ni wiki ya tatu), akahesabu vidole. "Baba Salma, Jumapili ya mwanangu imekwenda wapi?"

Kosa langu, nikajitia kujua. Nikamwambia, "Mama, hewani atakaa kama saa 18 na dakika 40. Msimu wa joto wa Marekani, Singapore iko mbele ya New York kwa saa 12, kwa hiyo saa za ukutani zasoma sawasawa, ila New York ikiwa usiku, Singapore mchana." Akanitazama kama anavyotazama samaki wa jana.

"Na kwa nini wapite kwenye barafu?" Salma ameshamuonyesha ramani kwenye simu, mtoto mchongezi yule!

Nikachukua chungwa. Nikatia nukta mbili za kalamu, New York hapa, Singapore ng'ambo kabisa, nikavuta uzi wa cherehani kati yake. Uzi wenyewe ukapanda juu, ukapita karibu na kikonyo, yaani Ncha ya Kaskazini. Hiyo ndiyo njia fupi, kilomita 15,300 na kitu. Lakini rubani hafuati uzi kila siku. Kule juu kuna upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki. Akiupata mgongoni, bora azunguke mbali kuliko kuchoma mafuta akishindana nao.

Hili halikumsumbua. Babake alikuwa nahodha wa jahazi. "Ala! Si useme kaskazi na kusi? Baba hakwenda Bara Hindi na kaskazi kifuani. Alingoja." Kisha akalimenya chungwa, akala mpaka Singapore.

Mchana nikatumwa sokoni Marikiti kuleta hiliki. Safari haifiki kilomita kumi. Utingo anapiga bodi, "Mmoja bado, twaenda!" Huyo mmoja nilimngoja dakika 40. Akaingia, wakashuka wawili, kumbe ni rafiki zake utingo, walikaa tu gari lionekane limejaa. Ndege ile yakata zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Nilipiga hesabu: tangu niketi, shemeji ameshakwenda masafa ya Mombasa hadi Nairobi na chenji akabaki nayo, mimi bado natazama tangazo la mganga kwenye nguzo ile ile. Na yeye analetewa chakula.

Usiku saa sita u nusu simu ikalia. "Nimefika! Huko saa ngapi?" Nikamtajia, na hapo ndipo nilipong'amua. Alipopaa, kwetu ilikuwa Jumapili alfajiri. Alipotua, kwetu Jumapili ndiyo kwanza imekwisha. Jumapili yake nimeikaa mimi, saa baada ya saa, na hiliki nimeleta.

Mama akaninyang'anya simu. "Umekula?" Amekula mara tatu. Akashukuru Mungu, akakata, akanigeukia.

"Basi akirudi, ile Jumapili atarudishiwa?"

Nikatazama kapuni. Machungwa yamekwisha.