Jicho la Nondo Si Jina Lake

Mwezi wa Aprili, baada ya usiku mzima wa mvua za masika, mlinzi wa nyumba tunazopanga hapa Lang'ata alinigongea mlango kabla hakujapambazuka vizuri, akitaka nikaone popo aliyejibandika ukutani chini ya taa ya ngazi. Nilimkuta nondo wa rangi ya kahawia, karibu upana wa kiganja changu, mwenye doa kubwa la mviringo mfano wa jicho kila upande. Kwa kiherehere cha mtu aliyesoma kidogo nikatamka papo hapo, "Huyu ni Bunaea alcinoe, mzee." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha lile jicho, na hapo ndipo nilipopotea.

Kwa maoni yangu, doa la jicho, ambalo sisi sote hulikimbilia kwanza, ni ushahidi dhaifu mno likitazamwa peke yake. Kazi yake ni kumshtua ndege anayekaribia kumdonoa nondo, kwa hiyo limeumbwa limnase mtazamaji, na siku ile lilininasa mimi. Tena madoa ya namna hiyo yamezuka katika koo za nondo zilizo mbali sana kinasaba, kila ukoo kwa njia yake. Anayetaja jina kwa kuona jicho tu hana tofauti na abiria anayepanda matatu kwa kuvutiwa na michoro ya ubavuni bila kutazama nambari ya njia.

Swali la kwanza lingekuwa jicho limekaa bawa lipi. Bunaea alcinoe, wa familia ya Saturniidae, ana jicho la rangi ya chungwa lililozungushiwa weusi na weupe, nalo liko kwenye bawa la nyuma, ambako linaweza kufichika kabisa bawa la mbele likilifunika. Bawa hilo la mbele lina kidirisha kidogo kinachopenyeza mwanga. Nondo wetu wa ngazini alikuwa ametandaza mabawa yote, jicho likiwa wazi kwenye bawa la mbele, na utepe mweupe unaoelekea umanjano ukikatiza bawa la mbele hadi la nyuma kana kwamba umechorwa kwa mkupuo mmoja wa brashi. Utepe huo ndio uliostahili kunizindua. Alikuwa Cyligramma latona, wa familia ya Erebidae, ambaye kiwavi wake hula majani ya migunga.

Rangi nayo isiaminiwe sana. Ule unga unaobaki vidoleni (ambao utotoni tuliambiwa hupofusha macho) ni magamba madogo mno yanayolibeba pambo lote la bawa, na nondo aliyeruka siku nyingi huyapoteza hadi akachujuka kama leso iliyofuliwa mara nyingi. Mahali pa mistari na madoa, hata hivyo, hapahami. Papasi, yaani vile vipapasio viwili vya kichwani, pia husaidia: dume wa Saturniidae ana papasi zenye matawi kama unyoya, ilhali za Cyligramma ni nyembamba kama uzi.

Sina ugomvi na programu za simu zinazotambua wadudu kwa picha, ila naona tunazionea kwa kuzipa picha moja yenye ukungu kisha kuzilaumu. Apigwe picha mabawa yakiwa yametandazwa, sarafu ikiwa kando yake kuonyesha ukubwa, na mahali na tarehe viandikwe. Kumuua hakuna haja. Saturniidae waliokomaa hawali chochote, kwani sehemu za vinywa vyao zimedumaa, na siku chache walizobakiwa nazo ni za kutafuta mwenzi na kutaga mayai.

Jioni mlinzi aliporudi zamuni nilimweleza kosa langu. Alicheka, akamulika tochi kwenye nguzo ya lango alikotua nondo mwingine, mkubwa zaidi, aliyejikunyata. "Huyu hana utepe," akasema, "na jicho silioni." Tulisimama pale tukimngoja afungue mabawa.