Anayelipwa Kupima Utawala wa Makampuni Yetu Asome Yatokanayo

Mara kwa mara hutoka hapa Dar es Salaam tangazo la zabuni la kumtafuta mshauri mwelekezi atakayetathmini hali ya utawala bora wa makampuni nchini. Mwenye tangazo huwa ni taasisi ya fedha ya kimataifa, au mfadhili, au mamlaka ya serikali inayotumia fedha za mfadhili huyo. Nimekuwa katibu wa bodi kwa miaka kumi na saba, kwanza katika kampuni binafsi na baadaye katika shirika la umma. Nimehojiwa na washauri wa aina hiyo mara nne, na mara ya tano nikawa upande wao. Kwa uzoefu huo naamini kwamba matokeo ya tathmini huamuliwa siku hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayotakiwa kuifanya mshauri, zinapoandikwa, kabla mshauri yeyote hajapatikana, na kwamba hadidu za rejea tunazoziandika humlipa mtu asome sheria, ilhali kinachohitaji kusomwa ni mihutasari ya vikao.

Tathmini hizi zina asili yake. Baada ya msukosuko wa fedha ulioikumba Asia mwaka 1997 na 1998, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walianzisha mwaka 1999 utaratibu wa kuzipima nchi kwa viwango vya kimataifa, na kwa upande wa makampuni kipimo kikawa kanuni za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, zilizotolewa mwaka huohuo na kurekebishwa mwaka 2004, 2015 na 2023. Ghana, Mauritius, Afrika Kusini na Misri ni miongoni mwa nchi za bara letu zilizopita katika mzani huo. Kwa kawaida dodoso refu hujazwa na mtu wa ndani ya nchi, mara nyingi kampuni ya mawakili au ya wahasibu, kisha mtaalamu kutoka nje huja kwa muda mfupi kufanya mahojiano, na mwishowe kila kanuni hupewa daraja, kuanzia inayozingatiwa kikamilifu hadi isiyozingatiwa kabisa. Taasisi nyingine zimeiga mtindo huo, kila moja kwa namna yake.

Sina ugomvi na dodoso. Tatizo ni kwamba linajazika vizuri mno kwa kukaa mezani na rafu ya sheria. Tunayo Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, tunayo miongozo ya mwaka 2002 ya utawala katika kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, tunayo Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 iliyoanza kutumika mwaka 2006, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 kampuni inatakiwa kumtaja kwa msajili mtu halisi anayenufaika nayo, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mwingine. Benki Kuu nayo ina miongozo yake kwa bodi za benki. Anayeisoma rafu hiyo peke yake ataipa nchi alama nzuri, na hatakuwa amesema uongo.

Lakini miongozo ya soko la hisa inawagusa wangapi? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, inayotengeneza gesi za viwandani, na zaidi ya robo karne baadaye kampuni zilizoorodheshwa bado hazijafika thelathini. Msajili wa Hazina, ofisi iliyokuwapo tangu mwaka 1959, anasimamia takribani taasisi 300 ambazo serikali ina umiliki ndani yake. Nje ya hapo kuna umati wa kampuni zilizosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, nyingi zikiwa za mume na mke, au baba na wanawe, ambazo mkutano mkuu wake wa mwaka hufanyika kwenye karatasi tu, siku wakala wa kodi au benki anapoudai muhtasari wake. Tathmini inayojiita ya nchi nzima huku ikiwahoji watu wa kampuni kumi zilizoorodheshwa inapima sehemu ambayo tayari inasimamiwa kuliko zote.

Mashirika ya umma yangestahili sura nzima peke yake. Katika mengi ya mashirika hayo, kwa mujibu wa sheria zilizoyaunda, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na waziri wa sekta. Mkurugenzi mkuu naye kwa kawaida huteuliwa na Rais. Dodoso litauliza kama bodi inamsimamia mtendaji mkuu, na jibu la kisheria ni ndiyo. Nimekaa katika vikao ambavyo wajumbe walijua vizuri kwamba mtendaji aliye mbele yao hakuteuliwa nao na hawawezi kumwondoa, na kwamba uteuzi wao wenyewe ungeweza kutenguliwa kwa taarifa ya aya moja kutoka Ikulu au wizarani. Watu wanaojua hivyo huuliza maswali ya aina fulani, na mengine huyaacha. Mshauri asiyekifahamu kipengele hicho ataandika kwamba wajumbe wanahitaji mafunzo. Mafunzo hupendekezwa karibu katika kila ripoti niliyowahi kuisoma, nadhani kwa sababu hayamuudhi mtu.

Mara ya pili nilipohojiwa, alikuja ofisini kijana mmoja mwenye adabu sana, amevaa tai katika joto la Februari, akaniamkia na kuliweka dodoso mezani. Akauliza kama bodi yetu ina kamati ya ukaguzi. Nikajibu kwamba inayo. Akatia alama. Akauliza kama mkaguzi wa ndani anawajibika kwa kamati hiyo. Nikajibu kwamba hati ya kamati inasema hivyo. Akatia alama nyingine. Hakuuliza kamati ilikutana mara ngapi, nami sikuwa na ruhusa ya kuyasema yasiyoulizwa. Mwaka ule kamati ilikutana mara moja, na siku hiyo mkaguzi wa ndani alikuwa ametumwa mikoani kwa kazi ambayo ingeweza kusubiri wiki mbili. Hayo yote yalikuwa ndani ya jalada lililokuwa kabatini nyuma ya kiti changu, umbali wa mkono.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ninayeandika hadidu za rejea, ningeanza na jalada hilo. Muhtasari wa kikao cha bodi una mpangilio tunaoujua sote: kufungua kikao, kupitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (yaani ufuatiliaji wa maagizo ya kikao kilichopita), taarifa ya menejimenti, mengineyo, kufunga. Anayejua kusoma huanza na yatokanayo. Agizo la kufuatilia deni la mteja fulani likitajwa Machi, likarudi Juni na maneno "menejimenti inaendelea kulifanyia kazi", likarudi Septemba na maneno hayohayo, kisha likapotea Desemba bila kufungwa, hapo pana habari kamili kuhusu nguvu ya bodi hiyo. Baada ya hapo aende kwenye mengineyo, kwa sababu ndiko mambo mazito hupitishwa saa nane mchana wakati wajumbe wawili wameshaondoka na makabrasha hayana waraka wowote unaohusu jambo lile. Aangalie tarehe ambayo makabrasha yaliwafikia wajumbe na tarehe ya kikao, maana kurasa mia tatu zilizopokelewa jioni ya kuamkia kikao hazikusomwa na mtu. Ahesabu pia maamuzi yaliyopitishwa kwa kuzungusha karatasi ya saini bila kukutana, na mara ngapi mjumbe alitangaza mgongano wa maslahi na kutoka nje. Bodi ambayo kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kutoka nje, katika mji ambao wafanyabiashara wote wanafahamiana, inahitaji kuulizwa zaidi.

Nitaambiwa kwamba mihutasari ni siri. Ni kweli, na mimi ni mtunzaji wa siri hizo. Lakini wakaguzi wa hesabu huisoma, wakaguzi wa Benki Kuu huisoma wanapokagua benki, na mbingu haijaanguka. Mamlaka inayofadhili tathmini inaweza kuandikiana na kampuni zilizokubali kwa hiari, mshauri akatia saini ahadi ya kutunza siri, akasoma hapohapo bila kunakili, na ripoti ikaandikwa bila kutaja jina la kampuni. Kampuni ishirini za aina tatu tofauti, kila moja ikifunguliwa mihutasari ya miaka mitatu, zingetufundisha zaidi ya madodoso mia mbili. Na kuna nyaraka ambazo si siri hata kidogo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu mashirika ya umma hutoka kila mwaka, na imejaa bodi zilizomaliza muda wake bila kuteuliwa nyingine na maamuzi yaliyofanyika bila idhini. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kimekuwapo tangu mwaka 1999, na hukumu zake nyingi, zikiwamo za wanahisa waliogombana na wakurugenzi wao, zinasomeka bure mtandaoni. Ninashangaa ni washauri wachache kiasi gani huzifungua.

Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja, kadhaa zikiwa ndogo za wananchi na za ushirika, na sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa mtaji. Mtaji haupungui usiku mmoja. Kati ya robo mwaka moja na nyingine kuna vikao. Ningependa sana kujua ni nini kilichoandikwa kwenye yatokanayo ya vikao hivyo, na ningependa anayelipwa kupima utawala wa makampuni yetu awe ameuliza hivyo pia.

Sasa nije kwenye namna mshauri anavyopatikana. Mgawanyo uliozoeleka ni alama 80 kwa ubora wa andiko la zabuni na 20 kwa bei, na mgawanyo huo ni wa busara. Kasoro iko ndani ya zile 80. Sehemu kubwa huenda kwa wasifu wa wataalamu na kwa idadi ya kazi zinazofanana ambazo kampuni imewahi kufanya. Anayetaka kazi tano zinazofanana katika fani ambayo hutolewa zabuni mara moja kwa miaka kadhaa amekwisha kuamua kwamba mshindi atatoka nje, na kwamba mtu wa hapa ataingia kama mshirika wa ndani. Ndivyo nilivyoingia mara ile ya tano. Katika andiko la zabuni niliandikiwa siku arobaini za kazi, na nina hakika wasifu wangu ulituongezea alama. Zabuni iliposhinda nikapewa siku sita, tano kati ya hizo zikiwa za kupanga miadi, kutafuta gari na kumwongoza kiongozi wa timu kutoka Posta hadi Masaki. Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile mwenyeji alipona nauli tu. Mkataba ungeweza kuzuia jambo hilo kwa sentensi moja inayosema kwamba siku za kila mtaalamu zilizoandikwa katika andiko hazipunguzwi bila kibali cha mwajiri.

Jambo jingine ambalo wengi hulinong'ona tu ni uhuru wa mshauri. Kampuni za ukaguzi wa hesabu zenye uwezo wa kufanya kazi hii katika jiji hili ni chache, na ndizo hizohizo zinazokagua vitabu vya kampuni kubwa, na wakati mwingine kuzishauri kuhusu kodi. Kumpa mmoja wao kazi ya kutathmini kama bodi za wateja wake zinawasimamia vyema wakaguzi wa nje ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Sisemi wazuiwe moja kwa moja, kwa sababu wanajua mengi kuliko sisi sote. Lakini watangaze kwa maandishi orodha ya wateja wao wa miaka mitatu, na kampuni zilizomo zipimwe na mtu mwingine.

Inabaki lugha. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, wengi walionunua walikuwa watu wa mishahara ya kawaida waliokuwa wakimiliki hisa kwa mara ya kwanza. Mwanahisa wa namna hiyo huenda kwenye mkutano mkuu unaoendeshwa kwa Kiswahili, akakabidhiwa taarifa ya mwaka iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kisha tathmini ya haki za wanahisa wadogo hufanyika bila yeye kuulizwa lolote, na ripoti yake pia huandikwa kwa Kiingereza, ikazinduliwa hotelini kwa warsha ya wadau ya nusu siku na chai ya saa nne. Kwa kawaida mshauri hulipwa kwa awamu tatu: anapokabidhi taarifa ya awali, anapokabidhi rasimu, na ripoti inapokubaliwa. Napendekeza awamu ya nne, itakayolipwa pale toleo la Kiswahili litakapokuwa limesomwa na kujadiliwa katika mkutano wa wanahisa wadogo ambao mshauri mwenyewe yumo ukumbini akijibu maswali. Kubakiza asilimia kumi ya malipo hadi siku hiyo kunatosha.